Mkate mtamu wa unga wa nazi bila nafaka: katikati unabaki mbichi

Habari wapishi. Natumia unga wa nazi gramu 150, mayai 4, tui kikombe 1, sukari gramu 80, iliki, beking pauda. Juu unaungua, ndani uji, ukikatwa unamomonyoka. Kosa liko wapi?

Jibu 1
Mayai machache. Nazi haina ule mnato wa ngano, kinachoshika mkate ni yai. Tumia unga gramu 90, mayai 6, tui zito mililita 120, mafuta ya nazi mililita 90. Ukishakoroga, uache dakika 10 kabla ya kumimina, maana unga huu hunywa maji polepole. Usikimbilie kuongeza tui ukiona mzito! Moto nyuzi 170, dakika 45 hadi 50. Juu ukianza kukoza rangi, funika kwa foili.

Jibu 2
Angalia pia beking pauda, nyingi zina kona flawa, na hiyo ni mahindi. Weka beking soda nusu kijiko cha chai na maji ya ndimu kijiko kikubwa kimoja.

Muulizaji
Asanteni. Machicha yanafaa badala ya unga wa dukani?

Jibu 1
Yanafaa, ila yakaushe kwa moto mdogo mpaka yawe makavu kabisa, usage, uchekeche. Yakiwa na unyevu, utarudi kwenye uji uleule. Na usikate mkate ukiwa moto, hapo hata mzuri utamomonyoka.