Kwenye ujumbe wa COP, mkulima wa mwani wa Mlingotini aende au abaki?

MTOA MADA (Dunda)
Wana Bagamoyo, habari za jioni. Jana kijiweni kahawa ilipoa kwa ubishi huu, nikaona niulete hapa. Mkutano mkubwa wa dunia wa tabianchi, COP, mwaka huu ni Antalya, Uturuki. Mwakani, 2027, uko Addis Ababa. Ujumbe wetu utakwenda kama kawaida, na kama kawaida utajaa watu wa maofisini. Hoja yangu ni kwamba nafasi moja, kwa nauli na posho ileile ya afisa, apewe mkulima wa mwani. Kotonii, ule mwani wenye bei, unakufa maji yakipata joto, na anayeushika unapokatika mkononi ni mama wa Mlingotini. Kwa nini asemewe na mtu ambaye hajawahi kulowa magoti?

BODA WA MAGOMENI
Naunga mkono. Na ajaze fomu ya posho mwenyewe, asijaziwe.

MSTAAFU
Mtoa mada, nia yako njema, ila unaichanganya COP na Sabasaba. Nimekaa serikalini miaka mingi, mazungumzo ya namna hiyo nayafahamu. Hotuba za marais mnazoziona kwenye runinga ni za siku za mwanzo tu. Baada ya hapo kazi ni maandishi. Kifungu ambacho hakijakubaliwa kinawekwa kwenye mabano, na watu wanakesha wakivutana kama iandikwe nchi tajiri "zitatoa" fedha au "zinahimizwa kutoa". Hakuna kura, mpaka wote waridhike. Tena vikao vinakwenda kwa pamoja. Nchi yenye watu wawili ikiwa chumba cha kilimo, cha fedha kinaisha bila yenyewe. Ndiyo maana tunakaa ndani ya Kundi la Afrika na lile la nchi zinazoendelea, G77 na China, tunagawana vyumba. Kwenye COP ya Baku mwaka 2024 nchi zinazoendelea zilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka, zikatoka na ahadi ya bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Pengo lile halijazibwa na machozi ya mtu. Sasa huyo mama utamweka chumba gani?

BODA WA MAGOMENI
Shikamoo mzee. Na wale wa kubeba mikoba huwa mnawaweka chumba gani?

MWALIMU WA JIOGRAFIA
Boda, umemjibu kwa mzaha lakini hesabu zake si rahisi kama unavyodhani. Kwenye COP ya Dubai 2023 Nigeria iliandikisha watu 1,411, kelele zikawa kubwa nyumbani kwao. Serikali ikaeleza kwamba iliowalipia ni sehemu tu, wengine ni wafanyabiashara, wanahabari na watu wa asasi waliojilipia. Kuwa na beji ya nchi si kulipiwa nauli na nchi. Na kubana safari tulishajaribu. Novemba 2015 Magufuli alizuia safari za nje mpaka kwa kibali, na yeye mwenyewe katika urais wake hakutoka nje ya Afrika. Watu walishangilia, mimi nikiwemo. Lakini chumba usichoingia hakikusubiri.

MTOA MADA
Mzee na Mwalimu, nakubali la vyumba. Ila hebu tuitazame Dubai hiyohiyo. Novemba 30 mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zilizoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka mmoja kabla, ukapitishwa uanze kazi. Makofi. Jumapili yake, Desemba 3, tope la Mlima Hanang likashuka Katesh na kuzika watu, na Rais Samia akakatisha safari yake hukohuko Dubai. Siku tatu tu! Sisemi mfuko ungezuia tope. Nasema aliyetoka kwenye tope lile angekuwa mezani, asingekubali kirahisi neno "zinahimizwa".

MSTAAFU
Angekubali, mwanangu. Saa tisa usiku, siku ya kumi na mbili, wote wanakubali.

KIJANA WA PANDE
Safari safari, lakini kubwa kuliko yote kwetu hapa haikuhitaji safari. Machi 2013 Rais wa China, Xi Jinping, alikuja mwenyewe Dar es Salaam, makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yakawekwa saini. Oktoba 2015 Kikwete akaweka jiwe la msingi. 2019 Magufuli akayakataa masharti hadharani. Sisi wa Pande, panapotakiwa bandari, muda wote huo hata choo cha kudumu unaogopa kujenga, hujui lini utahamishwa. Aliyekuwepo mezani kwa niaba ya Pande ni nani?

MAMA WA MWANI
Wanangu, nimesomewa yote haya na mjukuu, acheni nami niseme. Mimi sitaki kwenda. Kuna asasi moja iliwahi kunipeleka semina, hoteli ya Dar. Wakanivisha kitenge cha sare, wakanipa fungu la mwani nilishike nipigwe picha. Mwani wenyewe ulikuwa spinosamu, ule wa bei ya chini, umekaushwa, haukutoka kwangu. Nikaulizwa swali moja: "Mama, unajisikiaje?" Huyo Mzee anasema kweli, Uturuki nitawekwa chumba cha picha.

Ninachotaka nikiseme ni kidogo. Kotonii ukipandwa maji ya kina unapona, kule chini kuna ubaridi. Lakini kina kinataka boti na kujua kuogelea, na wengi wetu hatujui, tumezoea maji ya magotini. Kwa hiyo huo mfuko wenu kwangu ni boti, kamba na mtu wa kutufundisha kuogelea bila kutucheka. Hilo likiandikwa, abebe yeyote. Hata mwenye suti.

MSTAAFU
Bi mkubwa, hilo linaandikika. Ila ningependa kulisikia mbele ya wenzako, siyo kwa simu.

MAMA WA MWANI
Bamvua la mwezi mpevu lijalo maji yatakuwa yamekupwa vizuri kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na daftari, uvae viatu usivyovionea huruma. Saa saba bahari inarudi, haingoji mtu wa wizara.