Nimewekwa kwenye kamati ya kumchunguza mhadhiri aliyewahi kunisimamia. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja binafsi hapa Tanzania, jina niacheni nalo. Ofisi ya taaluma imepokea barua ya wanafunzi wa mwaka wa tatu wakimlalamikia mhadhiri mwandamizi. Wanadai anashikilia alama za majaribio mpaka mtu "aende ofisini kuongea", na kuongea kwenyewe ni hela inayotumwa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu mwingine. Halafu kuna binti ana meseji za WhatsApp ambazo mtu mzima akisoma anaelewa anaombwa nini. Alikataa, akala sapu (mtihani wa marudio) kwenye somo ambalo wenzake wanasema alikuwa akiwafundisha.

Imeundwa kamati ya uchunguzi ya watu watatu, katibu ni mimi. Sasa huyu mzee ndiye aliyenisimamia tasnifu ya uzamili, na barua ya kuniombea kazi aliandika yeye. Juzi kanipigia. Hakusema la maana, kaulizia watoto, mwisho akasema, "Mdogo wangu, haya ni mambo ya kwisha." Mwenyekiti wetu naye anataka tuwaweke wanafunzi na mhadhiri kikao kimoja, waambiane, tuyamalize kiutu uzima kabla hayajatoka nje.

Wanafunzi wanaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Mimi mkataba wangu unaisha mwakani. Naombeni ushauri, hasa waliowahi kukaa kwenye kamati za namna hii.

Kobe Mzee:
Sema unaumwa mgongo mkuu. Mwezi mzima. Utarudi kamati imeshamaliza kazi.

Mama Kanuni:
Kobe, acha kumpoteza kijana. Akisema anaumwa, sababu ya kweli haitaingia kwenye kumbukumbu, na siku mtuhumiwa akikata rufaa ataiibua yeye mwenyewe kwamba katibu alikuwa mtu wake au adui yake, lolote litakalomfaa siku hiyo.

Chaki, nimefanya kazi za utumishi miaka mingi. Andika barua fupi kwa aliyeunda kamati, nakala kwa mwenyekiti. Eleza kwamba mlalamikiwa alikuwa msimamizi wako, na kwamba amekupigia simu tarehe fulani akasema maneno hayo. Yaandike kama alivyoyasema, usiyatafsiri. Omba ubadilishwe. Wakikataa, umeshajilinda na kamati umeshailinda.

Hicho kikao cha kuwakutanisha kikataeni kwa maandishi. Binti wa miaka 21 hawezi kukaa mbele ya mtu anayeshika alama zake akasema kilichompata. Atasema "nilimwelewa vibaya mwalimu", mtaandika muhtasari kwamba yamekwisha, na muhula ujao kuna mwingine.

Sapu Tatu:
Yaani hapo kwenye "namba yenye jina la mtu mwingine" nimecheka kwa uchungu. Kwetu ilikuwa ya mke wake. Darasa zima tulikuwa tunaifahamu kwa kichwa.

Mzee wa Hoja:
Tusiwe wepesi jamani. Wanafunzi wa siku hizi hawasomi, wakifeli wanasingizia walimu. Nimefundisha, najua. Mtu anaweza kupoteza kazi ya maisha kwa barua ya watoto waliokasirika.

Wakili Mbichi:
Mzee, usemayo yanawezekana, ndiyo maana kuna uchunguzi. Karatasi za mtihani za huyo binti zipo. Zifunikwe jina, zichanganywe na za wenzake kumi hivi, asahihishe mhadhiri wa chuo kingine. Akizipa alama za kufaulu mtajua pa kushika, na akimfelisha mtajua pia. Mfumo wa matokeo nao, kama ni wa kompyuta, kwa kawaida unaonyesha nani aliingiza alama, nani alizibadili na saa ngapi. Hiyo taarifa muiombe idara ya TEHAMA mapema, kabla hamjamwita mtu yeyote.

Meseji: skrinishoti peke yake inabishaniwa. Aliyezipokea asifute kitu, asibadilishe simu, na mtu wa kamati azione kwenye simu yenyewe kisha aandike kwamba ameziona. Miamala ya pesa, kila mwanafunzi anaweza kuomba taarifa ya laini yake mwenyewe. Upande wa anayepokea, kamati ya chuo haina meno ya kwenda kampuni ya simu. Hiyo ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa.

Na hapa wengi wanachanganya. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinataja mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa huduma au upendeleo: faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Hilo ni jinai, chuo hakina mamlaka ya "kulimaliza". Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Nidhamu ya kazini inakwenda njia yake, jinai yake. Nigeria, profesa wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo alirekodiwa na mwanafunzi wake akidai ngono ili ampandishie alama. Chuo kilimfukuza 2018, na mwaka huohuo mahakama ikamfunga.

Chaki Nyeupe:
Wakili, nashukuru sana. Je, sisi tuliochunguza ndio tutakaoamua adhabu? Mwenyekiti anasema hivyo.

Wakili Mbichi:
Hapana, na hapo ndipo vyuo binafsi vinapopigwa. Soma kanuni za ajira ziitwazo Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Uchunguzi kwanza, ripoti inaandikwa, ndipo mwajiri anaona kama kuna sababu za kuitisha kikao cha nidhamu. Mtuhumiwa anapewa tuhuma kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama chake. Ripoti yenu apewe. Mkiruka hatua anakwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, na anaweza kushinda hata kama alitenda. Nimeona watu wakirudi kwa njia hiyo, wanafunzi wakabaki wameduwaa.

Nuru wa Kigamboni:
Mimi nilikuwa upande wa walalamikaji, zamani kidogo, chuo kingine.

Tuliitwa siku moja, saa moja, tukakalishwa kwenye benchi la korido ya idara. Kila aliyepita alijua tumefuata nini. Yeye mwenyewe alipita, akatusalimia kwa majina. Wawili wakaondoka palepale wakasema hawana cha kusema. Tuliobaki tuliulizwa mlivaaje, mlifuata nini ofisini jioni.

Kaka Chaki, kama utabaki au utaondoka, hili lisimamie: mtu mmoja mmoja, siku tofauti, jengo tofauti, awepo mwanamke kwenye meza. Kama chuo kina dawati la jinsia, maelezo yachukuliwe huko. Na wasomewe walichosema kabla ya kusaini. Mimi yangu niliyakuta yameandikwa "uhusiano wa kimapenzi". Sijawahi kuwa na uhusiano na yule mtu.

Mzee wa Hoja:
Binti, pole. Sikujua mnapitishwa hivyo.

Chaki Nyeupe:
Mrejesho. Barua nimepeleka, na ya simu nimeiandika. Mwenyekiti kaninunia, ila aliyeunda kamati kakubali. Katibu mpya anatoka kitivo kingine, na kaongezwa mama mmoja wa dawati la jinsia. Kikao cha pamoja kimefutwa. Mzee kapelekewa taarifa kwamba asiwasiliane na walalamikaji wala mjumbe yeyote.

Kilichobaki: sapu ya binti ni wiki ijayo, na ratiba bado inaonyesha mtungaji na msahihishaji ni mzee yuleyule.

Mama Kanuni:
Hiyo haisubiri ripoti. Uchunguzi ukiendelea, mlalamikiwa hapaswi kugusa alama za mlalamikaji. Leo hii mkuu wa idara aandikiwe: mtihani utungwe na mwingine, usahihishwe na mwingine, karatasi ziwe na namba tu. Na usiwe wa binti peke yake, wabadilishiwe wote wenye sapu ya somo hilo, la sivyo mtamtangaza darasa zima.

Chaki Nyeupe:
Naandika sasa hivi, mama.