Kinyonga wa Tao la Mashariki: rekodi chache, mti wa nasaba unasaidia?

Msitu_Mnene: Wakuu, natengeneza ramani za makazi ya kinyonga wa jenasi Kinyongia kwenye milima ya Tao la Mashariki (Tanzania na Kenya), Usambara hadi Taita. Spishi nyingine hazina hata rekodi 10, na MaxEnt (programu ya kukadiria makazi kutokana na rekodi) ya spishi mojamoja inatoa ramani za ajabu. Mti wa nasaba wa DNA, yaani mchoro wa undugu wa spishi, ninao. Naweza kuutumia ili zenye data nyingi zizibebe ndugu zao? Natumia R, lugha ya takwimu.

Matriki: Inawezekana. Weka spishi zote kwenye modeli moja. Kwanza hakikisha ncha zote za mti ziko umbali sawa kutoka kwenye shina, kisha pata A, jedwali la ukaribu wa spishi: `A <- ape::vcv(mti, corr = TRUE)`. Kwenye brms (kifurushi cha R cha modeli za Bayes):

`yupo ~ joto + I(joto^2) + mvua + (1 + joto | gr(spishi, cov = A)) + (1 + joto | spishi2)`

Ongeza `data2 = list(A = A)`. `spishi2` ni nakala ya safu ya spishi, na usiiache: bila hiyo, tabia ya spishi moja tu itahesabiwa kuwa ya ukoo mzima. Sanifisha joto na mvua kabla ya kupandisha kipeo, la sivyo minyororo ya sampuli ambayo brms hukadiria nayo haitulii. Majina nayo yafanane herufi kwa herufi. `Kinyongia_boehmei` yenye mstari wa chini (_) na isiyo nao ni vitu viwili.

Mzee wa GIS: Safisha rekodi kwanza, mti baadaye. Za kabla ya 2008 zilizoandikwa "fischeri" kutoka Usambara zina jina la zamani, la kabla ya spishi hiyo kugawanywa. Usambara Mashariki kuna matschiei na vosseleri, kwa hiyo mahali peke yake hapakuambii ni yupi. Hakuna kielelezo (mnyama aliyehifadhiwa makumbusho) wala picha? Itupe.

Angalia pia pikseli za kilomita 1 za WorldClim, ramani za hali ya hewa. Kwenye genge la mlima, pikseli moja inaweza kubeba tofauti ya mita 300, yaani karibu nyuzi 2 za joto.

Msitu_Mnene: Asante sana. Na pointi za mandharinyuma (za kulinganishwa na rekodi za kinyonga), nizitawanye eneo lote?

Matriki: Hapana, kila spishi ndani ya milima yake. Ukizitawanya mpaka nyika ya Tsavo, modeli itajifunza tu kwamba mlimani kuna baridi, na spishi zote zitaonekana ndugu. Lambda ya Pagel, kipimo cha jinsi tabia zinavyofuata mti, usiiamini ukiwa na spishi chini ya 20 hivi. Afadhali uondoe rekodi zote za spishi moja, uitabirie kwa mti pekee, ulinganishe na modeli isiyo na A. Kama hazitofautiani, mti haukuongezi kitu.