Vipande vya kimondo vinavyooana: sheria izuie kuviuza kimoja kimoja?

Mtoa mada:
Wakuu, mwaka 2017 viliokotwa vipande sita vya mawe jangwani Mauritania. Vilipopimwa vikaonekana ni vya Mwezini, na ukivisogeza pamoja vinaoana, jiwe moja la kilo 5.5 hivi. Oktoba 2018 vikapigwa mnada Marekani kwa dola 612,500, vikaenda vyote hekalu la Tam Chuc, Vietnam. Hiyo ni bahati tu. Muuzaji angeamua kuvigawa kwa wanunuzi sita, nani angemzuia?

Nasema vipande vinavyooana vihesabiwe jiwe moja kisheria. Tazameni pale palipovunjika. Kimondo kikipasuka kikiwa bado angani kinawaka, hata uso wa mpasuko huungua ukashika ganda jeusi, jembamba kuliko la nje. Kikivunjika kwa kugonga ardhi, au baadaye kwa joto na baridi ya jangwa, mpasuko hubaki mtupu, rangi ya jiwe lenyewe. Halafu mawe mengine yana mishipa myeusi ya migongano ya zamani huko juu: mshipa unaanzia kipande hiki, unaishia kile. Ukiwa na kimoja tu utausoma vipi?

Mchangiaji:
Mkuu, wanasayansi wenyewe wanapiga msumeno. Kimondo hakiandikishwi rasmi mpaka sampuli ikabidhiwe taasisi: gramu 20, au asilimia 20 ya uzito kama jiwe ni dogo. Na muokotaji je? Aliyepata kipande cha tano peke yake asubiri mpaka wenye vile vinne waafikiane bei? Atauza kimyakimya, na hata alipokiokota hatutapajua.

Mtoa mada:
La msumeno silikubali. Kinachokatwa maabara kinaandikwa, na anayekihitaji anajua pa kukiomba. Cha kabatini kwa mtu, siku akifa warithi wanaona jiwe tu.

Ila la muokotaji ni hoja nzito, sina jibu la haraka. Labda yeye alipwe chake siku hiyohiyo, abanwe mnunuzi: asiuze hata kimoja kabla vyote havijaunganishwa, kupimwa na kupigwa picha kila upande. Sasa mnunuzi mwenyewe yuko nchi nyingine, na jiwe lilishavuka mipaka miwili. Wanasheria mliomo humu, nani ana mamlaka juu yake?