Mjadala: Mtoto kuandika filamu ya baba yake na makomredi wenzake, tuiamini?

MlalaMuttrah:
Wadau, salaam. Mie niko Muscat mwaka wa nane, naishi nyumba moja na Wamalayali watatu, wote wa Alappuzha, jimbo la Kerala, India. Ijumaa walinikalisha tukaangalia filamu yao ya zamani, Lal Salam ya 1990, yumo Mohanlal na marehemu Murali. Ni habari za wakomunisti wa mwanzo kule kwao: kujificha, virungu, jela, kisha wanashika serikali, kisha chama kinapasuka na urafiki unakwenda na maji. Majina wamebadilisha, lakini wenzangu hawakunyamaza: "Huyu ndiye T. V. Thomas. Yule mama ni K. R. Gouri, mkewe. Huyu wa Mohanlal ni Varghese Vaidyan."

Imekwisha, nami machozi yananilenga, ndipo mmoja ananiambia mwandishi, Cherian Kalpakavadi, ni mtoto wa Vaidyan. Nikajiona nimeliwa. Kumbe usiku mzima nasikiliza mtoto akimsifu babake, na babake ndiye kapewa staa kuliko wote! Thomas alifariki 1977, atajibu vipi? Naomba hoja.

MchambuziHuru:
Mkuu, filamu ni filamu, historia ipo vitabuni. Mimi nilichoondoka nacho ni kimoja: yule mama kaacha mume kwa sababu ya kadi ya chama. Chama kimepasuka, sawa, wewe kaa na mumeo. Mke hufuata mume. Mengine siasa.

BintiMakunduchi:
Umeiangalia au umeona kava tu? Gouri alikuwa mwanasheria na mtu wa chama kabla hajawa mke wa mtu. 5 Aprili 1957 wameapishwa wote wawili, yeye waziri wa mapato, Thomas kazi na usafiri. Ndoa ikaja baadaye mwaka huohuo. Yaani kiapo cha uwaziri kimetangulia cha ndoa. 1964 chama kikagawanyika, Thomas akabaki CPI, chama cha kikomunisti cha awali, Gouri akaenda CPI(M), kile kilichojitenga. Kwa nini hamuulizi mume hakumfuata mke?

MchambuziHuru:
Kwa sababu hakuna kabila duniani mume anamfuata mke.

BintiMakunduchi:
Hukohuko Kerala kulikuwa na jamii mume anakwenda kwa mkewe na mali inapita kwa mama. Wanayar. Umechagua mahali pabaya pa kusema hayo, kaka.

FundiRedio:
Tusitoke nje ya mada. Hawa watu wana historia nzito, ndio serikali ya kwanza ya kikomunisti duniani kuingia kwa kura. Waziri kiongozi E. M. S. Namboodiripad. Nehru, waziri mkuu wa India, akaja kuiangusha baada ya miaka kama mitano.

MzeeWaBao:
Mitano imetoka wapi, kijana? Iliondolewa 31 Julai 1959. Miaka miwili na miezi mitatu na siku kadhaa. Na hiyo "ya kwanza duniani" tumeikariri tu, San Marino walitangulia 1945.

FundiRedio:
San Marino ni nchi au ni mtaa? Mzee unatafuta tofauti mpaka kwenye kitongoji.

MzeeWaBao:
Kitongoji chenye bendera. Usiponiheshimu mimi heshimu ramani.

Ila kwa vile umenichokoza, niseme. Filamu za aina hii zina tabia ya kukimbilia mapenzi na kuiacha ardhi, na ardhi ndiyo ilikuwa ugomvi wenyewe. Serikali haijamaliza hata wiki, imetoa amri: hakuna kumfukuza mkulima mpangaji. Ikafuata sheria ya elimu, ikagusa shule za makanisa. Hapo ndipo makanisa, chama cha Wanayar, Congress (chama cha Nehru) na Muslim League wakajikuta barabarani pamoja, watu ambao siku nyingine hawapeani chumvi. Delhi ikapata kisingizio. Mfumo wa makabaila wenyewe ulifutwa rasmi 1 Januari 1970, na waziri kiongozi siku hiyo alikuwa Achutha Menon, wa CPI, chama cha Thomas. Mpaka leo CPI(M) wakisimulia hadithi ya ardhi, jina lake wanalimeza.

FundiRedio:
Na mashamba ya chai na mpira hayakuguswa. Hilo nalo utasema ni San Marino?

MzeeWaBao:
Hapo umesema kweli. Nimenuna, lakini umesema kweli.

MchambuziHuru:
Kwanza huyo Thomas alikuwa kiongozi wa nini? Wasuka kamba za nazi. Mapinduzi ya kamba!

BintiMakunduchi:
Bibi yangu kasomesha watoto watano kwa hizo kamba. Makumbi unayafukia pwani miezi, unakwenda kuyafukua yananuka mpaka nguo unaivulia nje, unayaponda kwa mchi ndipo upate usumba, halafu usuke viganja viuche ngozi. Alappuzha kazi ni hiyohiyo, ila wao walikuwa na viwanda na mabwana. Oktoba 1946, Punnapra na Vayalar, hao wasuka kamba walitoka na mikuki waliyochonga kwa mti wa mpopoo kukabili bunduki za Diwani, yaani waziri mkuu wa ufalme wa Travancore wa huko. Wewe umewahi kutoka na nini?

MchambuziHuru:
Bibie, kwa bibi yako nakuomba radhi. Kwa ndoa sijarudi nyuma. 1967 wameingia tena serikali moja, wote mawaziri, kila mtu na chama chake. Hawakuweza kupatana mezani?

BintiMakunduchi:
Radhi kamwombe yeye, na keshafariki, hawezi kujibu, kama Thomas wa mleta mada. Mnamwonea Gouri tu. Huyu ndiye aliyesema kama virungu vya polisi vingekuwa na mbegu, angezaa virungu vingi. Uchaguzi wa 1987 walimwimba kuwa ndiye atakayetawala Kerala, kura zikapatikana, kiti cha waziri kiongozi akapewa Nayanar, mwenzake wa chama. 1994 wakamfukuza kabisa. Kama ni kuachwa, kaachwa na chama.

MlalaMuttrah:
Jamani, mie niliuliza habari ya mwandishi. Halafu huyu mama filamu inatoka 1990 alikuwa hai na ni waziri wa viwanda, angetaka angejibu. Nimewauliza wenzangu hapa kama alijibu, sasa wamegawanyika wenyewe, mmoja amehamishia godoro sebuleni.

FundiRedio:
Yupi, wa CPI au wa CPI(M)?

MlalaMuttrah:
Wa Congress. Hao wawili wengine wamemkalia pamoja.

MgeniHapa:
Habari zenu wakubwa. Hiyo filamu ipo iliyotafsiriwa na DJ?