Ligi yetu inafukuza mashabiki yenyewe halafu lawama tunapewa sisi wa mikoani. Dodoma, Singida na Tabora tumechoka

Wakuu habari za jioni.

Nipo Dodoma. Hili jambo nimekaa nalo msimu mzima na leo naliandika lote maana nimechoka kusikia redio kila asubuhi wachambuzi wanalalamika eti mashabiki wa mikoani hawaji uwanjani, eti tunapenda Arsenal kuliko vya kwetu, eti hatuna uzalendo. Jamani. Mtu anakaa studio Dar, mechi za mikoani anaziangalia kwenye tv, halafu ananifundisha mimi uzalendo.

Mpira watu wanaupenda na wanaupenda sana. Pita Majengo, pita Chang'ombe, pita Nkuhungu jioni uone watoto wanavyocheza chandimu mpaka mpira hauonekani. Nenda kibanda umiza chochote siku ya mechi kubwa uone kama utapata pa kuweka makalio. Watu wapo, mapenzi yapo. Ila ligi inaendeshwa kwa namna ambayo mtu wa huku kati hana timu ya kuishika, na akishika moja akaanza kuipenda inachukuliwa, inabadilishwa jina au inahamishwa, na hakuna hata mmoja anayekuja kumuuliza wewe uliyekuwa unapiga ngoma jukwaani unasemaje.

Nianze na Singida maana pale ndo panauma zaidi. Mnaikumbuka Singida United? Imepanda ligi kuu msimu wa 2017/18, mkoa mzima ukasimama, uwanjani Namfua (siku hizi Liti) pakawa hapatoshi, Juni 2018 ikafika fainali ya kombe la FA pale Sheikh Amri Abeid Arusha ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar ya Morogoro. Watu walilia, lakini walilia kama watu wenye timu yao. Miaka miwili tu mbele, 2020, imeshuka daraja na ikapotelea huko. Sawa, tukasema ndo mpira. 2022 wakaletewa timu nyingine, DTB, ikabatizwa Singida Big Stars, watu wakajipanga tena, wakanunua jezi tena, msimu wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya nne na ikapata tiketi ya kombe la Shirikisho Afrika. Kabla hata furaha haijatulia jina likabadilika ikawa Singida Fountain Gate, na msimu wa 2023/24 haujaisha timu ikahamia Mwanza, ikacheza uwanja wa Kirumba! Timu yenye jina la Singida inacheza nyumbani Mwanza. Msimu uliofuata neno Singida likafutwa kabisa, ikabaki Fountain Gate, makazi Babati.

Na pengo la Singida likazibwa kwa kuchukua timu ya watu wengine. Ihefu ilikuwa ya Mbarali mkoani Mbeya, ya Ubaruku kule. Ni Ihefu ile ile ambayo Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza, nchi nzima ikaijua Mbarali kwa siku moja ile. Wale wakulima wa mpunga waliokuwa wamejaa pale uwanja wa Highland Estate wakishangilia leo wana nini? Hawana kitu. Timu ikapakiwa ikapelekwa Singida, 2024 ikawa Singida Black Stars. Sina ugomvi na wachezaji wala na ndugu zangu Wanyaturu na Wanyiramba, wao nao ni wahanga kama sisi. Ila hesabu majina ambayo shabiki wa Singida ameambiwa ayashangilie tangu 2017: United, Big Stars, Fountain Gate, Black Stars. Huyo mtu akiamua sasa basi, Jumapili akabaki nyumbani na wanae, nani ana ubavu wa kumlaumu?

Timu inapendwa kwa sababu ni ya kwenu. Babu alikuwa anaenda, baba akakubeba mabegani, ukakua unajua rangi zake. Huo ndo mtaji wenyewe wa mpira duniani kote, hao Simba na Yanga wanaotamba leo wanatamba kwa sababu hiyo hiyo, wapo tangu miaka ya 30 na hawajahamia Kigoma. Sasa huku kwetu mwenye leseni anaibeba timu kama mzigo wa boda, leo hapa kesho pale, na kanuni zinamruhusu. Hasira yangu kubwa ni hapo, KANUNI ZINAMRUHUSU.

Tabora nao msiwasahau. Agosti 2023 timu yao Kitayosce ndo kwanza imepanda ligi kuu, mechi yao ya kwanza wanaenda Chamazi, Dar, kucheza na Azam wakiwa na wachezaji WANANE, wengine hawana vibali vya kucheza. Dakika kama kumi na tano hivi tayari nne bila, wawili wakaumia, idadi haitoshi, refa akamaliza mpira. Mtu wa Tabora amesubiri miaka na miaka arudi ligi kuu, amekaa mbele ya tv anaangalia aibu ile. Ikawa Tabora United, sasa ni TRA United. Labda mshahara utalipwa kwa wakati sasa, naomba iwe hivo kabisa. Ila mniambie mmachinga wa Tabora mjini ataimba vipi jina la mamlaka ya mapato.

Na hilo linanileta kwetu. Dodoma Jiji ipo ligi kuu tangu msimu wa 2020/21 na ni mali ya Halmashauri ya Jiji. Nashukuru, nasema toka moyoni, bila Jiji tusingekuwa na timu ya ligi kuu hapa, makao makuu ya nchi. Na wale vijana wanajituma, Februari 2025 wametoka kucheza na Namungo kule Ruangwa basi lao likapata ajali njiani, wachezaji wakaumia, mechi yao na Simba ikabidi iahirishwe. Hao nawapigia saluti. Ila angalia ligi yenyewe kwa ujumla ilivyo: KMC ya Manispaa ya Kinondoni, Prisons ya Magereza, JKT na Mashujaa za jeshi, Pamba Jiji ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Timu inalipiwa na taasisi, kwa hiyo shabiki aje asije haina madhara kwa mtu yeyote. Hana kura, hana mkutano wa kuuliza swali, kocha anafukuzwa unasikia instagram. Ukishajua hauhitajiki na wewe moyo unapoa, ndo binadamu alivyo.

Halafu ije siku ya Simba au Yanga hapo uwanja wa Jamhuri. Siku hiyo ghafla tunahitajika sana, kiingilio kinapanda. Uwanja unajaa nyekundu au kijani na njano, Walima Zabibu (Dodoma Jiji) wanacheza ugenini kwenye mji wao wenyewe. Nimeona mtu wa Ipagala kabisa, mgogo mwenzangu, anawazomea vijana wa Dodoma kwenye ardhi ya Dodoma. Na simlaumu! Tangu amezaliwa redio, tv, magazeti, kila kitu ni hizo timu mbili, asubuhi msemaji wa huyu anamjibu msemaji wa yule, mchana wanajibizana tena, jioni uchambuzi wa walichojibizana. Mechi kati ya timu mbili za mikoani ikipata dakika tano za mazungumzo ni bahati. Kijana atampendaje beki wa Dodoma Jiji ambaye hajawahi kusikia jina lake likitajwa?

Ubingwa ndo usiseme. Mtibwa walichukua 1999 na 2000. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 ni nani nje ya Simba na Yanga wa Kariakoo amebeba? Azam peke yake, 2013/14, nao wapo hapo hapo Dar. Robo karne! Wazee wanatuhadithia Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988, timu inatoka mkoani inabeba kombe na nchi inatulia. Leo msimu unaanza Agosti na kila mtu anajua bingwa ni mmoja kati ya wawili, sisi wengine kumi na nne tunapigania kutoshuka.

Na hao wawili wenyewe wanaobebwa na mfumo wote huu, mechi yao kubwa tu inawashinda. 2021 mwezi wa tano watu wamejaa uwanja wa Mkapa Dar, muda ukasogezwa kutoka saa 11 kwenda saa 1 usiku, Yanga wakagoma, mechi ikaahirishwa, ikachezwa Julai. Hatukujifunza. Machi 8, 2025 tena, usiku wa kuamkia mechi Simba wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakasema hawachezi, siku yenyewe ya mechi bodi ya ligi inaahirisha na watu washasafiri. Toka hapa Dodoma watu walipanda SGR, wengine mabasi, wengine wameomba ruhusa kazini, wamelala kwa ndugu, nauli imeenda, hela ya kula imeenda. Aliyefidiwa mnitajie. Ikaja kuchezwa Juni 25, mpaka refa akatolewa Misri. Misri! Marefa wetu wameshuka thamani kiasi kwamba mechi ya Watanzania kwa Watanzania lazima tuazime filimbi nje ya nchi.

Na waamuzi nao tunaona kila siku, goli la wazi linakataliwa, penati ya mchongo inatolewa, wiki inayofuata taarifa inatoka refa kaondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko mitatu au mitano. Sawa ameadhibiwa, pointi je? Pointi zinabaki kule kule. Timu ndogo ikishuka daraja kwa pointi mbili hakuna anayerudi nyuma kukumbuka ile penati. Juni 2024 bungeni hapa hapa Dodoma waziri wa fedha alipendekeza kodi iondolewe kwenye vifaa vya VAR (video ya kumsaidia refa) tukapiga makofi. Mimi huku mikoani bado naangalia mpira wa macho ya mshika kibendera.

Sasa shabiki aliyevumilia yote hayo akaamua aende uwanjani hivohivo. Anaenda saa ngapi? Kuna mechi zinapangwa saa 8 mchana. Wewe unayepanga ratiba umeshawahi kukaa jukwaa la jua Dodoma saa 8 mchana mwezi wa kumi? Hakuna paa hakuna mti, zege linaunguza kupitia suruali, vumbi linaingia machoni na wachezaji wenyewe dakika ya 30 wanatembea. Na katikati ya wiki! Saa 8 jumatano nani hayupo kazini au sokoni? Inapangwa hivo ili tv ionyeshe mechi zote bila kugongana, naelewa, mkataba wa matangazo ni bilioni 225.6 kwa miaka kumi tangu 2021, hela nzuri sana na zimesaidia klabu nyingi kupumua. Lakini basi semeni ukweli kwamba mmechagua mtazamaji wa king'amuzi mkamuacha wa jukwaani, msije tena kulia majukwaa yapo tupu.

Na mlangoni. Kuna mechi moja, uwanja sitautaja, nimeenda na binti yangu mdogo, tiketi nimelipa kwa simu toka jana yake, mashine ya getini haisomi, foleni haisogei, ndani mpira umeshaanza tunasikia kelele tu, watu wakaanza kusukumana na askari wakaja na virungu. Mtoto nimemuinua juu ya kichwa asikanyagwe. Tumeingia kipindi cha kwanza kinaisha, choo hakina maji, nikamtoa nje tena. Tangu siku hiyo nikimwambia twende mpira anakataa, na mimi moyo wa kumlazimisha sina. Huyo angekuwa shabiki wa miaka hamsini ijayo.

Vijana wengine walioko uwanjani nao ukiwasikiliza utaumia, hawaongelei timu, wanaongelea mkeka wa kubeti. Anaombea kona ifike tisa. Dodoma ishinde ifungwe kwake ni sawa tu ilimradi over (idadi kuzidi aliyobetia) imeingia. Sasa huyo mkeka ukichanika anaondoka dakika ya 70, na sisi tunamhesabu kama shabiki.

Ninachotaka ni vitu vinavyowezekana, na shirikisho letu la mpira TFF na bodi ya ligi wanaweza kuvifanya msimu ujao wakiamua. Timu kuhama mkoa au kubadili jina katikati ya msimu, marufuku kabisa, na hata msimu ukiisha asihame mpaka wenye mji wamesikilizwa. Mechi za kanda ya kati zichezwe kuanzia saa 10 jioni. Mechi ikiahirishwa siku yenyewe, mwenye tiketi arudishiwe hela yake kwa simu ile ile aliyolipia, mbona kuikata mnaikata kwa sekunde. AFCON 2027 inakuja kwetu na Kenya na Uganda, viwanja vinajengwa, vizuri, ila viwanja vya ligi ya kila wiki je?

Mpaka nione hata kimoja kati ya hivyo, hela yangu ya kiingilio naipeleka kwenye ndondo. Jumamosi kuna mechi ya mtaa huku kwetu, tunasimama pembeni ya mstari, tunachangia maji na mpira wenyewe, kipa ni fundi pikipiki wangu na kila aliyepo anajua anashangilia nani. Watu wa Singida, Manyoni, Tabora na ndugu zangu wa Mbarali njooni mseme na nyie yaliyowakuta.