Mchoro uliotokana na kufuatilia msimbo (code) ukiendeshwa SI usanifu wa mfumo mzima, acheni kutudanganya!

Wakuu, nimechoshwa na hizi zana zinazojinadi kwamba ukiendesha programu yako tu, usanifu unajichora wenyewe. Haujichori! Zinachora njia zilizopitiwa wakati kurekodi kumewashwa, basi.

Tumekabidhiwa mchoro wa aina hiyo uwe mwongozo wa kuhamisha mfumo, wakubwa wakaupitisha. Moduli ya kurudisha malipo haimo, kwa sababu hakuna mteja aliyedai kurudishiwa pesa wakati wa kurekodi. Kazi ya kufunga hesabu za mwisho wa mwezi nayo haimo, maana walirekodi katikati ya mwezi. Kisha tunaambiwa hizo moduli hazitumiki, zifutwe. Zifutwe?! Yaani kisichoonekana kwenye mchoro ndiyo hakipo?

Njoo kwenye sampuli. Google walipoieleza Dapper, zana yao ya kufuatilia maombi yanavyopita kwenye huduma zao, mwaka 2010, walisema kwamba kwenye huduma zenye maombi mengi sana, kurekodi ombi 1 kati ya 1,024 kunatosha. Kunatosha kweli kusaka kinachochelewesha maombi, kwa kuwa tatizo linalojirudia litanaswa tu. Kuchora usanifu ni kazi nyingine. Njia inayopitwa kwa nadra, kama ile ya seva kuu inapoanguka na ya akiba kushika zamu, ndiyo unayoihitaji mchoroni, na ndiyo ya kwanza kupotea. Zana haikwambii hata kiwango cha sampuli ilichotumia.

Foleni za ujumbe, ambako huduma moja huacha ujumbe na nyingine huuchukua baadaye, ndiyo usiseme. Kwenye HTTP kitambulisho cha ufuatiliaji, kinachounganisha hatua zote za ombi moja, husafiri katika kichwa cha traceparent. Kwenye foleni, mtumaji asipokiambatisha kwenye ujumbe, mpokeaji anahesabiwa kuwa ameanza safari mpya, na mchoro unatoa huduma mbili zisizojuana wakati moja inailisha nyingine kutwa nzima. Ukitumia sys.settrace, njia ya Python yenyewe ya kufuatilia msimbo, inashika thredi (mkondo wa utekelezaji) moja tu, na maktaba zilizoandikwa kwa C huoni kinachoendelea ndani yake.

Siupingi ufuatiliaji wenyewe. Huduma inayoitwa kwa anwani iliyo kwenye faili la mipangilio, au kiongezi (plugin) kinachopakiwa programu ikishawaka, utakesha ukisoma msimbo usivione, ufuatiliaji unavinasa. Ndiyo maana inaniuma kuona kitu chenye manufaa hivi kinauzwa kwa uongo.

Tunachodai: kila mchoro uandikwe ulirekodiwa lini, kwa majaribio yapi, kwa sampuli kiasi gani. Moduli zilizomo kwenye msimbo ambazo hazikuguswa zichorwe kwa mistari ya nukta, zisiachwe nje. Kulinganisha orodha mbili za moduli kunawashinda nini?

Anayejua zana inayofanya hivyo aitaje hapa. Na nyie mnaozitengeneza, kama mmo humu, jitokezeni mtujibu.